Nilimfungia mtandao mchumba wa dada yangu

Kabla sijaona chochote, nilisikia kicheko kikizimika sebuleni. Nilikuwa uani, nageuza nyama ya wageni. Kisha ikaja sauti ya mama: “Tableti inakatala kuingia!”

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa langu, na ninalisema leo kwa sababu dada yangu ameshaanza kulicheka.

Siku hiyo ilikuwa ya mahari yake. Kwetu, mjomba asipotoa neno, hakuna kinachopokelewa. Na mjomba wetu, anayeshughulikia malori forodhani, alikuwa amekwama mpakani Kasumbalesa. Tulipanga azungumze kwa video, kwenye tableti ya zamani ya mama, ili wazee wote wamwone. Bila yeye, wageni wangerudi na zawadi zao, na dada angebaki na kitenge kipya na macho yaliyojaa aibu.

Mchumba wake nilimshuku tangu mwanzo. Kila Jumapili alikaa karibu na modemu yetu, uso kwenye simu, na mtandao ukalegea. Nikasema moyoni: huyu anapenda Wi-Fi yetu kuliko dada. Basi, siku moja kabla ya mahari, nikabadilisha neno la siri, tena nikaiwekea Wi-Fi kufuli jipya kabisa, ulinzi uitwao WPA3, nikijiona mlinzi wa ukoo mzima.

Sasa tableti ilikuwa mikononi mwangu. Neno la siri ni sahihi, inakataa. Nikazima modemu, nikaiwasha, inakataa. Simu yangu nayo ilikuwa imeisha chaji. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, modemu ikabaki kwenye betri.

“Weye mwenye masomo,” shangazi akaniambia, akiulizia mtandao, “réseau iko wapi? Mujomba anangoya.”

Aibu ikanipanda, nikatafuta wa kumtupia. Nikamnyooshea kidole mchumba. “Ni huyu. Anakuyaka kukula mega zetu.” Yaani, huja kwetu kumaliza bando letu la intaneti.

Siku ya mahari mchumba hasemi. Msemaji wa familia yake ndiye kinywa chake. Nilimshtaki mtu asiyeweza kujibu. Yeye hakukunja hata uso. Alitoa simu mfukoni, akagusa kioo kuwasha hotspot, mtandao wa simu yake, akaiweka mezani. Jina la simu yake likatokea kwenye tableti, nikaligusa, ikaingia mara moja. Siku zote alikuwa na mega zake mwenyewe.

Hapo nikaelewa. Tableti haikuwa mbovu. Ilikuwa mzee asiyelijua kufuli langu la kisasa. Nilitaka kumfungia shemeji, nikamfungia mama.

Mjomba akatokea, malori yamepangana nyuma yake. “Munisamehe, bantu bangu. Ile mali, muipokee.”

Vigelegele vikatikisa bati. Nikakiri mbele ya wote. Msemaji wa wageni akasimama, akakohoa kwa madaha. “Kila siku ni sisi banatulipishaka amende, faini juu ya faini. Leo ni zamu yenu. Huyu bo-frère, shemeji yetu, atuletee kreti ya bia, na abebe kwa kichwa chake mwenyewe.”

“Tena ya baridi,” dada akaongeza.

Mtandao ukiwakatalia, wapendwa, kagueni kwanza mlichobadilisha jana, kabla ya kumkagua mgeni. Vifaa vya wazazi wenu vijaribuni mapema, kufuli jipya likiwa bado halijamwaibisha mtu.

Mimi nilitoka na suti yangu, kreti ya chupa tupu kichwani kuelekea duka la bia, watu wakishikana mbavu. Dada akanisindikiza hadi kizingitini, akanirekebishia tai, akafunga mlango nyuma yangu.