Makombe ya Nzilo kwenye Birika la Ubatizo

Kwa miaka tisa fundi Lukusa alikuwa na sababu moja tu ya kutobatizwa: birika la kanisa la mkewe lilivuja. Mchungaji Elisée alilijaza Jumamosi, Jumapili akakuta tope na chura. Mtaa wa Kasulo ndivyo ulivyo. Wachimbaji wa kobalti wameitoboa ardhi chini ya vitanda vyao wenyewe, na sementi, isiyojua kuinama, hupasuka.

“Siku ile birika itashika maji,” Lukusa alikuwa akimwambia mkewe Ntumba, “na mi nitaingia.” Kisha anakwenda zake kwenye bia kwa amani.

Mafundi watatu walishindwa. Mchungaji akamwendea Lukusa mwenyewe, naye akakubali upesi mno. Nani angelitunza tundu lile vizuri kuliko yeye?

Balaa lilianza alipoingia birikani na kupapasa lipu mbovu ya waliomtangulia. Alitukana mle mle kanisani. Hasira za fundi zikamsahaulisha shabaha yake, akakumbuka alichofundishwa shuleni ujanani: Warumi wa kale walichoma makombe ya chaza wakapata chokaa, wakachanganya na matofali yaliyopondwa, na maji yakatulia.

Akamfuata mama Honorine, muuza samaki, aliyekuwa na magunia ya makombe ya ziwa Nzilo ya kuwatwangia kuku wake. Akayachukua yote. Mengi akayachoma siku tatu katika tanuri la matofali, mtaa mzima ukafunga madirisha. Yaliyobaki aliyavunja akayashindilia ndani ya lipu, ili iwe na mifupa.

Mchungaji aliuliza, kwa upole, kama ufundi wa wapagani unafaa nyumba ya Mungu.

“Warumi ndio balimusulubisha Bwana wenu,” alisema Lukusa. “Sasa bamushikie maji kidogo.”

Wiki sita lipu ilikauka. Alhamisi wakajaza maji, Lukusa akachora mstari wa kalamu pale yalipofika. Jumamosi adhuhuri mgodi ulilipua baruti, sahani zikacheza makabatini. Lukusa alikimbia kanisani huku akiomba, kwa mara ya kwanza maishani, wala hakujua anaomba yavuje au yasivuje.

Maji yalitikisika, yakatulia. Mstarini.

Ntumba alikuwa amemfuata polepole, kanzu nyeupe mkononi. Alilitazama birika, kisha akamtazama mumewe, akamhurumia.

“Ungeacha hata ka ufa kamoja, tata. Nani angejua?”

“Mi ningejua.”

Jumapili aliingia wa kwanza. Birika lilinuka samaki, na waimbaji wa mstari wa mbele waliimba wakipumua kwa mdomo. Mchungaji akamzamisha kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamvuta juu. Lukusa hakuibuka. Akamvuta tena, safari hii kwa mikono miwili.

Alikuwa kule chini, macho wazi, akipapasa lipu ya pembe ya kushoto, akitafuta ufa.