Mbio za Kutuliza Akili

Kazi ilikuwa imenichosha, nikaanza kukimbia asubuhi kwenye vijia vya nyuma ya mji wetu wa Mikumi. Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja anapalilia mahindi. Kuniona tu, akatupa jembe, akatimua mbio. Huku kwetu anayekimbia kamwona tembo. Nami nikaingiwa na hofu, nikaongeza mwendo. Akanipita!

Tulipofika barabarani akauliza, anahema, "Tembo yuko wapi?"

"Hakuna, mama. Nakimbia kutuliza akili."

"Yako imetulia, yangu umeivuruga. Kaniletee jembe langu."

Siku hizi nikikaribia shamba lake napaza sauti, "Shikamoo mama, hakuna tembo!"

"Marahaba mwanangu," huitikia bila kuinua kichwa. "Siku ukimwona, usinipite kimya."