Ngozi ya Babu na Gia Zilizogoma

Enzi zetu gari halikuondoka bila watu kuelewana. Siku hizi kijana anasukuma kigingi cha gia kwenye D, mkono mwingine uko kwenye simu, na gari linajiendea. Mimi nawashuku sana watu wanaosema zamani kila kitu kilikuwa bora. Nikiisikia kauli hiyo huuliza ushahidi uko wapi, na chuo kikuu kilinizidishia tu ugonjwa huo. Lakini kwa habari ya gia ninao ushahidi, na mliokulia Tarime miaka ile mtaniunga mkono.

Tulianza na magari ya kuchora chini. Unachora usukani, unachomeka kijiti cha gia kwenye udongo uliolowa mvua, na mdomo unakuwa injini. Ukihamisha kijiti bila kukanyaga klachi, wenzako wanakupigia kelele, "Umeua giaboksi!" Unateremshwa hapo hapo, na machozi hayakusaidii.

Baba alikuwa na gari la kweli. Alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao kutoka Ikoma: spoti ya zamani, nyekundu, milango miwili, tumbo chini kiasi kwamba kila tuta la Tarime liliikwaruza. Kiti cha mbele kilikuwa cha dada yangu Bhoke. Baba alikanyaga klachi, akasema, "Sasa!" na Bhoke akasukuma gia. Alianza akiwa mdogo, akitumia mikono yote miwili. Walifika mahali wakabadilisha gia huku wakibishana juu ya mambo mengine kabisa.

Bhoke alipochumbiwa na kijana wa Mugumu, aliomba kitu kimoja tu: Baba ampeleke kanisani kwa gari lile, yeye akiwa kwenye kiti chake. Baba akakubali mbele ya ukoo mzima.

Sasa, kwa ukoo wetu, binti anayeondoka hukanyaga ngozi ya fahali aliyechinjwa kwa ajili yake. Zamani alikanyaga mlangoni, akaondoka kwa miguu. Babu akasema kwa kuwa huyu anaondoka na gari, basi ngozi iwe ndani ya gari. Akaitandika mwenyewe, ingali mbichi, kuanzia miguuni pa Bhoke hadi miguuni pa Baba. Sisi watoto tulikuwa tunalamba vidole vyenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya fahali, hatukuwa na maoni.

Gari likakaa juani wiki nzima. Kwanza rivasi ikaanza kukwaruza. Kesho yake namba mbili ikagoma. Kufikia asubuhi ya harusi hakuna gia iliyokubali. Ukisukuma, inalia krrrr mpaka meno yanauma.

Mjomba Mwita, aliyevuka mpaka kutoka Isebania na Noah yake inayong'aa, hakuficha furaha.

"Shemeji, hiyo gearbox imeenda. Hiyo ni ya makumbusho sasa. Acha nibebe msichana."

"Nyamaza, Mwita," Baba akasema.

"Nanyamaza. Lakini pasta hangoji."

Fundi Marwa akaongeza oili, akapampu klachi, akalala chini ya gari, akatoka na vumbi kichwani. Mimi nilikuwa naitwa Kwa Nini, na sikuchelewa kulifanyia kazi jina langu. "Kwa nini injini ikizimwa gia zinaingia zote?"

"Maana giaboksi ni nzima," Marwa akajibu. "Klachi ndiyo haiachii."

"Kwa nini haiachii?"

Marwa akaitazama pedali, akamtazama Babu, akaanza kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Baba naye akaangalia juu. Hapo nikaelewa kwamba wote walikuwa wanajua. Ngozi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama bati, ikajikunja chini ya pedali, na mguu haukuweza kufika mwisho. Lakini kitu kilichotandikwa na mzee, nani angekiondoa? Wanaume wazima walikuwa tayari kushusha giaboksi yote kuliko kusema neno moja.

Bhoke akatoka ndani na gauni lake, akapiga goti.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ngozi yako inazuia klachi. Nataka kwenda na Baba."

Babu akainama polepole, akapapasa chini ya pedali kwa muda mrefu. Kisha akaomba kisu. Akakata kipande kwenye kona iliyojikunja chini ya pedali, akakishika juu kama mshona viatu anayekagua soli.

"Marwa, umelala chini ya gari asubuhi nzima. Hukuiona hii?"

"Niliiona, mzee."

"Basi lala tena, uendelee kuiona." Akageuka kwa Baba. "Anayeolewa ni Bhoke. Wewe mguu wako wa klachi unaenda kuolewa na nani?"

Hata Mjomba Mwita alicheka mpaka akashikilia Noah yake.

Baba akawasha. "Sasa!" Bhoke akasukuma namba moja, gauni limejaa hadi dirishani, na gari likaondoka. Sisi tulifuata nyuma kwenye Noah, tukihesabu gia kwa masikio.

Ngozi ile sasa iko sebuleni kwa Bhoke, Mugumu, na kona yake iliyokatwa. Wanawe hawajui klachi ni nini. Wanadhani ni panya walitafuna. Juzi nilimpeleka Baba kuwasalimia, kwa gari langu linalobadilisha gia lenyewe. Baada ya mto Manchira kuna kilima. Niliona mguu wake wa kushoto ukikanyaga sakafu, taratibu, hadi mwisho.

"Sasa," akasema kwa sauti ndogo, akitazama mbele.

Gari lilikuwa limeshabadilisha, bila kumsubiri mtu. Nami, ambaye huuliza kila kitu, sikuuliza.