Waliosema Mama Amepona

Mama alikuwa amelazwa hospitalini Voi, mguu wa kushoto umefungwa bendeji, siku niliyoiona picha yake kwenye simu ya mteja wangu. Mimi hushona sare za shule. Nilikuwa nimepita kumpelekea mteja huyo sketi ya binti yake kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa, naye akanielekezea simu akitabasamu.

"Si huyu ni mama yako? Hongera jamani. Kumbe amepona!"

Alikuwa yeye kweli. Amekaa mbele ya nyumba yetu ya Mbololo, amejifunga leso yake ya kijani, mkononi ameshika mkebe wa unga wa virutubisho. Chini yake wameandika kwamba mama huyu aliteswa na kisukari miaka mingi, sasa hana hata dalili, na dawa za hospitali ameziacha.

Hilo la mwisho halikuwa uongo. Aliziacha, na ndiyo sababu alikuwa wodini.

Mkebe ule uliletwa nyumbani na jirani yetu, mwanamke tunayesali naye, ambaye tangu utotoni namwita anti. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa ini. Katika msiba ule ndipo alipokutana na watu waliomwambia kwamba unga wao ungemwokoa laiti angewahi kuujua. Tangu hapo hakutaka mtu mwingine afe mbele ya macho yake. Akaanza kuuza, na akaja kwa Mama na mwanamume aliyevaa koti jeupe, akamtambulisha kama daktari.

Mwanamume yule alikuwa na kompyuta na kijiti cha chuma. Alimwambia Mama akishike kijiti, na kwenye skrini zikatokea picha za figo, ini na kongosho, zenye rangi nyekundu na manjano. Akatikisa kichwa.

"Mama, shida yako si sukari tena. Ni sumu ya zile dawa. Ukiendelea na sindano, unga wetu hautapata nafasi ya kufanya kazi."

Mama alikuwa amechoka kujichoma sindano tumboni. Nani asingechoka? Anti akampiga picha na mkebe wake mpya, kwa ukumbusho, alivyosema. Mimi nikiwa Voi sikuambiwa lolote. Nikipiga simu najibiwa, "Niko sawa, mwanangu, hata nguvu zimerudi."

Kisha ndala ikamchubua kidole cha mguu. Mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikaanza kunuka. Anti aliingiwa na wasiwasi akampigia yule wa koti jeupe, na jibu likaja kwamba wasiogope, hiyo ni sumu inatoka, aongeze kijiko. Akaongeza. Nilipofika nyumbani mwishoni mwa mwezi nilimkuta kitandani, midomo imekauka, akiniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tulimkimbiza Voi kwa gari la mwalimu jirani. Walimwokoa, lakini kidole gumba na kile cha pili vilikatwa.

Nilimwonyesha Mama ile picha, ambayo mteja alikuwa amenitumia, nikitarajia atalia. Aliniomba miwani yake, akaiangalia kwa muda.

"Nani amesema nimepona?"

"Wao."

"Na vidole vyangu je, wamesema viko wapi?" Akanirudishia simu. "Hawa watu hukutana wapi?"

Nilimwambia alale kwanza. Nikaupeleka mkebe kwa ofisi ya afya ya umma, nikaeleza yote. Ofisa alinisikiliza vizuri, akaniambia unga utapelekwa kupimwa na nisubiri. Nilipomwambia Mama, alisema, "Wewe subiri. Hiyo ni sawa. Mimi nitaenda."

Mkutano ulikuwa Mwatate, kwenye ukumbi wa kukodi, Jumamosi. Daktari wa kweli alikuwa amemruhusu atembee kidogo kwa mkongojo. Tuliingia watu wakiwa wamejaza viti vya plastiki, wengi wao wamepakata faili za hospitali. Mbele yetu alikaa baba mmoja na mtoto wake mwenye kifafa. Pembeni kulikuwa na meza ya mikebe, na nyuma ya meza amekaa anti. Alipotuona aliinamisha kichwa.

Yule wa koti jeupe alizungumza kuhusu uwezo wa mwili kujiponya. Halafu akawasha projekta, na Mama akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, na leso yake ya kijani.

Mama akasimama. "Huyo ni mimi."

Watu wakapiga makofi! Walidhani amekuja kushuhudia. Msichana mmoja alimkimbilia na kipaza sauti, na mwanamume yule mwenyewe akatabasamu, nadhani kabla hajauona mkongojo.

"Picha hiyo nilipigwa siku niliyoletewa mkebe," Mama alisema. "Nilikuwa sijaonja hata kijiko. Sasa mnitazame leo." Akavua kiatu, akanishika bega, akainua mguu wake.

Wa nyuma walinyoosha shingo waone.

"Pole sana, mama," mwanamume alisema kwa upole. "Lakini kila mwili ni tofauti. Pengine hukufuata maelekezo."

"Nilifuata, mwanangu. Ulisema niache sindano, nikaacha. Ulisema kidonda ni sumu inatoka, nikakaa nacho. Ningekuwa mkaidi, leo ningekuwa na vidole vyangu."

Mtu akakizima kipaza sauti. Hawakujua ni nani waliyemzimia. Mama yangu amefukuza ndovu shambani kwa debe na koo lake. Aliendelea bila kipaza sauti, sasa kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, na wazee wa nyuma ambao Kiswahili cha projekta kilikuwa kimewapita wakaanza kuitikia. Watu wakainuka, wengine kwa hasira, wengine wakiuliza maswali kwa sauti. Nami nilisikia sauti yangu ikimuuliza yule mwanamume udaktari wake aliusomea wapi. Alikuwa anakunja nyaya.

Anti alitufuata nje. "Umeniaibisha mbele ya watu, dada."

"Aibu itaisha," Mama alimwambia. "Wewe walikudanganya ukiwa na msiba. Mimi walinidanganya nikiwa mgonjwa. Tofauti yetu ni nini?"

Anti alianza kulia, lakini alirudi ndani kwenye meza yake. Ilichukua muda mrefu kabla hajarudi nyumbani kwetu, na siku aliporudi alileta ndizi, wakazungumza mambo ya mvua. Mikebe hauzi tena.

Ningependa kusema watu wote walitoka mikono mitupu. Hapana. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa alitoka na mkebe chini ya kwapa, akatupita haraka bila kututazama. Mama alimwita.

"Sikukatazi kumpa unga, baba. Mtoto ni wako. Ila dawa yake ya hospitali usimnyime hata siku moja. Nakuomba."

Alitikisa kichwa kukubali, akaenda. Sijui alifanya nini. Huwa namkumbuka.

Ofisi ya afya bado inasema nisubiri, nami bado nawapigia simu. Mama amezoea kutembea na vidole vitatu, na sindano anajichoma mwenyewe akinung'unika. Juzi tulisikia kwamba mikutano imehamia Taveta, koti jeupe ni lile lile, na safari hii wanasema wanatibu hata saratani. Mama aliacha kupepeta ndengu, akafuta mikono.

"Jumamosi una kazi nyingi?" aliniuliza.

Nilimwambia sare za watu zitangoja.