Dada wa Kwenye Simu

Mama Pindo hakuwa mtu wa kusahau, na wala usingethubutu kumwambia asahau, maana angekutimua dukani na nguo yako haijaisha. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolikunja yeye halifumuki mpaka nguo yenyewe ichakae. Na jambo jingine: alikuwa hapimi watu. Ukishapita mlangoni mara moja, mabega na kiuno chako anavyo kichwani. Anakata kwa macho na nguo inakukaa sawasawa. Alijivunia hilo kuliko kitu chochote.

Kilichomkaa rohoni ni habari ya mama yake. Mama aliumwa akiwa nyumbani kwa binti yake mkubwa, dada yake Mama Pindo, akazidiwa, akafa, akazikwa, na dada mtu hakumwita. Mama Pindo aliambiwa na mteja aliyekuja kuchukua sare za watoto: "Pole na msiba." Msiba gani? Alifika kaburini udongo umeshaanza kukauka. Tangu hapo hakumpa dada yake hata salamu. Alikuwa anaitafuta siku moja tu, mbele ya ukoo wote, ampe vidonge vyake, amuumbue mpaka akose pa kuuweka uso.

Siku ikapatikana. Kaka yao aliitisha kikao cha familia Jumamosi, na dada mkubwa angekuwepo.

"Njoo myamalize," kaka alimwambia.

"Nitakuja," akajibu, na moyoni akaongeza ya kwake.

Hofu yake ilikuwa moja. Dada yake ana mdomo, jamani, acha tu! Tangu utotoni wakigombana, Mama Pindo ndiye aliyeishia kulia, na jibu zuri lilimjia kesho yake akiwa anafua. Safari hii hapana. Akaamua kufanya mazoezi.

Kwenye simu yake alikuwa na ile akili bandia ya kuzungumza nayo, aliyowekewa na binti wa kaka yake anayesomea mambo hayo chuoni. Akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akaianza: "Wewe ni dada yangu." Akaimwagia yote: ugonjwa wa mama, mazishi, maringo ya dada, anavyobetua midomo, anavyokukata kauli.

Mwanzoni kile kidude kikamjibu kwa upole. "Nisamehe, mdogo wangu, nilikosea."

Mama Pindo akasonya. "Ebo! Dada yangu haombi msamaha hata akikukanyaga. Jibu kama yeye!"

Kikajibu kama yeye. Na kila kilipojibu kwa ukali, jibu lililofuata lilizidi ukali, mpaka ikafika mahali Mama Pindo akisikia lile neno "mdogo wangu" anajikuta amekunja ngumi. Walichapana maneno kila siku, cherehani ikinguruma. Jumatano kikamwambia, "Wewe ulijali lini? Mama mwenyewe alikuwa hataki kukuona." Mkasi ulimponyoka. Alilia, akafuta machozi na kitambaa cha mteja, kisha akajibu. Na alijibu barabara, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Binti wa kaka alikuja kupunguziwa sketi, akasimama mlangoni kaduwaa. "Shangazi, unagombana na nani?"

"Na shangazi yako mkubwa. Yumo humu. Hebu niambie wewe msomi, yumo kweli au hayumo?"

Binti akacheka, akakaa. "Wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema humo hamna mtu, ni neno linafuata neno basi. Wengine wanasema kuna mtu anajitokeza palepale wakati inajibu. Kila neno inaloandika, inalisoma tena pamoja na yako kabla ya kuandika linalofuata, na humo ndimo anamopatikana. Ukianza mazungumzo mengine, huyu hayupo."

"Na akishajitokeza, nikimtukana anaumia?"

"Hilo hakuna anayejua kwa uhakika."

"Basi linanitosha," Mama Pindo akasema, akaendelea kutukana.

Jumamosi akafika wa kwanza, kavaa gauni lake zuri kupita yote. Wakaja mama wadogo, wakaja wajomba, sebule ikajaa. Kisha dada akaingia, kashikwa mkono, nguo zinamning'inia. Alikuwa amekwisha. Mama Pindo alimtazama mara mbili, asiamini kwamba mabega yale ndiyo aliyokuwa nayo kichwani.

"Mdogo wangu," dada akasema kabla hata hajakaa, "nisamehe."

Lo! Jibu la neno hilo hakuwa nalo. Alikuwa amelipiga marufuku tangu siku ya kwanza. Basi akalirukia lile alilokuwa nalo, akasimama na kidole juu: "Usinililie hapa! Wewe si ndiye uliyesema mama alikuwa hataki kuniona?"

"Nilisema lini?"

"Ulisema! Juzi tu ulini—"

Akashusha kidole. Binti wa kaka aliinamisha kichwa. Wajomba wakatazamana, maana kila mtu alijua hawa wawili hawajasemeshana tangu msiba.

Dada akakaa taratibu. "Asitake kukuona? Alikuulizia asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, na akifumbua macho ananiita kwa jina lako. Nikasema, haya, mtoto mpendwa, na wewe utamkosa. Sikukuita makusudi."

Wiki nzima ya kugombana, na yule wa kwenye simu hakuligusa hilo hata siku moja. Angelitoa wapi? Alikuwa amekatwa kwa macho ya Mama Pindo, na Mama Pindo alikuwa halijui.

"Sikusamehi," alisema. Hakupandisha sauti.

"Najua," dada akajibu.

Aliporudi dukani alifungua simu, akasema, "Nimerudi." "Umerudi?" kikamuuliza kwa ile jeuri yake. "Una jipya gani?"

"Wewe si dada yangu," akasema.

"Samahani kwa usumbufu," kikajibu kwa adabu kabisa. "Ungependa nikusaidie nini?"

Akaizima. Hasira ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na wa kumwangukia, yule mwanamke mgonjwa aliyemsikia mama akiita akaziba masikio. Mama alikuwa akimwita yeye, Mama Pindo. Hilo ndilo lililomliza, na ndilo hilohilo lililomzuia kusamehe.