Kabichi ya Vencil Kalousek

Kwa miaka thelathini na miwili Bwana Vencil Kalousek alisimama nyuma ya kaunta ya mkahawa mmoja wa Mtaa wa Kumi na Tatu, kusini mwa mji wa Omaha, Marekani, akitengeneza sandwichi iitwayo Reuben kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Alitengeneza na nyingine, kwa kuwa wateja waliziagiza; hii aliitengeneza kama mtu atimizaye ahadi.

Nyama ya ng'ombe iliyolala siku kumi katika maji ya chumvi na viungo aliikata ingali ya moto, kisu kikizipita nyuzi zake kwa kukingama. Vipande viwili vya mkate mweusi alivipaka siagi upande wa nje. Upande wa ndani aliweka jibini juu ya kila kipande, ili iuzuie mkate usilowe, kisha nyama, sosi, na kabichi iliyochachushwa kwa chumvi. Kabichi ndiyo iliyomtofautisha na wenzake. Aliifunga katika kitambaa cha kitani, akakisokota, akakikunja juu ya mkono wa kushoto, akakisokota tena kinyume, wala hakukiachia mpaka kiliposimama kikavu juu ya kaunta kama gogo. Kwa hiyo sandwichi yake, ikisha kukaangwa juu ya bamba la chuma, iliweza kungoja sahanini nusu saa bila mkate kulegea.

Ukutani, juu ya mtungi wa matango ya siki, palitundikwa picha ya marehemu mama yake, na chini yake kadi iliyoandikwa kwa mkono: "Ludmila Kalousek, aliyekamua kabichi ya Reuben ya kwanza." Sisi wa Omaha huamini kwamba sandwichi hiyo ilizaliwa katika hoteli yetu kubwa, kwa ajili ya wacheza karata walioshikwa na njaa. Wa New York huamini kwamba ilizaliwa kwao, kwa ajili ya mwigizaji mmoja. Ushahidi wa kila upande huwatosha wale tu waliokwisha kuamini. Ludmila alikuwa mfanyakazi wa hoteli ile tangu ujana wake, na habari ya kabichi alimpa mwanawe alipokuwa akimfundisha kuikamua. Vencil alikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo hakuwa na shaka.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Irv Pomerantz, mwuza vifungo vya nguo, mzaliwa wa New York, aliyekula pale kila Jumanne.

"Leo umeipatia sandwichi yetu," Pomerantz husema.

"Kula, mgeni," Vencil hujibu. Mgeni huyo alikuwa ameishi Omaha miaka kumi na minane.

Jumanne moja ya Februari aliingia Bi. Rozalie Tichota, bibi wa miaka themanini na mmoja, aliyekuwa amerejea mjini kukaa na mpwa wake. Alivua glavu, akaketi, akaitazama picha kwa furaha ya mtu aliyemkuta rafiki. Kisha akavaa miwani, akaisoma kadi, akacheka.

"Ludmila jikoni? Mwanangu, mimi na mama yako tulikuwa chini kabisa, kwa madobi. Miaka kumi na minne. Jikoni hatukuruhusiwa hata kupita."

Alisema kwa upendo, na kwa sauti ya wasiosikia vizuri, hivyo mkahawa mzima ulisikia. Vencil alimwuliza kama ana hakika. Bibi alipouona uso wake, alianza kulegeza maneno yake: huenda mpishi alimwita Ludmila siku moja, yeye hakuwa naye kila dakika.

"Usinihurumie, mama," Vencil alisema. Aliisubiri saa ya kufunga, akaishusha picha.

Jumanne iliyofuata pale ukutani palikuwa na mraba wa rangi iliyo hai kuliko rangi inayouzunguka. Sisi wateja wa kila siku tulimtazamia Pomerantz ashangilie, kwani ushindi ulikuwa umemfuata mpaka kitini. Aliagiza kama kawaida. Aliletewa sandwichi, akaiinua, na mkate ukakatika mkononi mwake. Vencil alikuwa ameikamulia kabichi katika chujio, kama wafanyavyo wengine wote.

Pomerantz aliisukuma sahani.

"Imelowa."

"Nimeikamua."

"Hujaikamua, bwana. Umeibembeleza. Na ile picha irudishe. Ukiiondoa, mimi nitabishana na nani? Na huyu?" Alinionyesha mimi kwa uma.

Vencil alijibu kwamba hawezi kutundika uongo ukutani, na kwamba hata mkono wake sasa hauamini, kwa kuwa alifundishwa namna ya jikoni na mtu asiyewahi kuingia jikoni. Hapo niliona kwamba halikuwa tena shauri la Omaha na New York. Mtu huyu alikuwa karibu kumpoteza mama yake mara ya pili.

Bi. Rozalie alikuwepo. Alikuwa amekuja kuomba radhi, akakaa pembeni na koti lake bila kuagiza kitu. Sasa aliinuka, akaomba aonyeshwe ile namna ya zamani. Vencil alisita, kisha akatwaa kitambaa, akafunga kabichi, akasokota, akakunja juu ya mkono wa kushoto, akasokota kinyume.

"Basi," bibi alisema. "Hivyo ndivyo tulivyokamua mashuka. Tulikuwa na mashine moja, ikiharibika tunakamua mia mbili kwa mikono. Wengine tuliumia viganja. Mama yako ndiye aliyegundua kukunja juu ya mkono wa kushoto, akatufundisha sote. Mpishi hawezi kulijua hilo."

Vencil alikitazama kile kitambaa kilichosimama peke yake juu ya kaunta. Aliuliza kama kweli ni mama yake aliyegundua, si mwingine. Bibi akamwambia kwamba hilo alikuwepo, aliliona. Aliweka mkate mpya juu ya bamba.

Siku mbili baadaye picha ilikuwa mahali pake, na kadi mpya: "Ludmila Kalousek, dobi. Alinifundisha kukamua."

Pomerantz aliisoma Jumanne, akala nusu ya sandwichi yake kwanza, mkate ukiwa mkavu na imara, ndipo akafuta mdomo.

"Kwa hiyo mmekiri. Ni ya New York."

"Sandwichi ni ya Omaha," Vencil alisema, naye tayari alikuwa akisokota kitambaa kingine. "Mama yangu tu ndiye asiyekuwepo ilipozaliwa. Kula, mgeni, inapoa."