Kitoto Kimoja kwa Watoto Ishirini na Wanne

Mwalimu Eduviges alifundisha shule ya msingi ya mji wetu, huku milimani Puebla, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akimwomba mtu radhi. Hesabu ndiyo iliyokuwa dini yake. Wenzake walifundisha uwezekano kwa kuandika ubaoni tu. Yeye alileta kofia ya marehemu mumewe, akatia maharage tisa meupe na moja jeusi, watoto wakachomoa moja moja, macho wamefumba. Aliyetoa jeusi alifuta ubao wiki nzima. Siku nyingine alirusha sarafu, upande wa tai au wa jua, na waliokisia vibaya walibaki ndani wakati wenzao wanacheza. Nisiwe mwongo, watoto walielewa. Hesabu iliyokuuma huwezi kuisahau.

"Namba haiangalii sura ya mtu," alipenda kuwaambia. "Haijui nani tajiri, nani kavaa viatu vya dada yake."

Hapo darasa zima liligeuka kumtazama Obdulia, kwa sababu yeye ndiye aliyevaa viatu vya dada yake. Alikuwa na miaka tisa, mtoto wa Nazaria, mfua nguo.

Shule ilipofunguliwa Januari, baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu waliomzuru Yesu mchanga, Mwalimu akaja darasa la nne na mkate wa Wafalme, ule wa duara wenye matunda ya sukari juu na kitoto cha plastiki ndani, mfano wa Yesu mchanga. Sharti lake kila mtu kwetu analijua: ukikikuta kitoto kwenye kipande chako, tarehe mbili Februari unawalisha wote tamale, ile mikate ya unga wa mahindi yenye nyama ndani. Ndiyo maana mwokaji mwenye utu, mkate ukiwa wa watu wengi, hutia vitoto vitatu au vinne, mzigo ugawanyike. Mwalimu alimkataza mzee Wenceslao, mwokaji wetu.

"Tia kimoja tu," alimwambia. "Vikizidi, hesabu inachafuka."

Mimi nilikuwa nauza uji langoni. Akaniita niukate mkate ule mbele ya watoto, vipande ishirini na vinne, watoto ishirini na wanne.

"Uwezekano wa kila mmoja?"

"Moja kwa ishirini na nne!"

"Na uwezekano kwamba kitoto kitaonekana?"

"Hakika, Mwalimu!"

Wakala. Makombo yakaisha. Wakatazamana. Kitoto hakuna.

Crispín, mtoto wa mwenye duka, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akapaza sauti: "Mwalimu, hakika yako imetoroka!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Bi Chole, funga mlango," akaniambia.

Akawapanga ukutani. Kila mtoto alipanua kinywa, akatoa ulimi, akakunjua viganja. Aliyekutwa msafi alikaa, na Mwalimu akaandika ubaoni: moja kwa kumi na tano. Moja kwa tisa. Moja kwa nne.

"Mnaona? Kila anayekaa anawasogezea kitoto wenzake waliobaki."

Waliokaa walianza kupiga madawati kama wako uwanjani. Mimi mlangoni nilikwisha kumwona Obdulia. Shavu la kushoto limevimba, machozi yanamtiririka, anapumua kwa pua. Ningeweza kusema, ngoja nimpeleke huyu chooni. Sikusema. Nami nilitaka kuona mwisho.

Wakabaki wawili, Crispín na Obdulia.

"Tai au jua?" Mwalimu akauliza, na darasa likacheka tena, safari hii upande wake.

Crispín akapanua kinywa mpaka kimeo kikaonekana, akakaa.

"Sasa si bahati tena." Mwalimu akaandika: moja kwa moja. "Fungua, binti."

Obdulia akameza.

Kikamkwama. Alishika koo kwa mikono miwili, uso ukawa rangi ya biringanya, na Mwalimu bado anasema, "Fungua! Nimesema fungua!" Nilimkamata, nikamwinamisha, nikampiga mgongoni. Mara ya tatu kitoto kikaruka sakafuni, na damu juu yake. Mwalimu akakiokota, akakipangusa kwa aproni yangu, akakiinua wote wakione.

"Kilikuwepo," alisema. "Niliwaambia."

Kisha akaandika ubaoni: Obdulia, tamale ishirini na tano. Ya ishirini na tano ilikuwa yake mwenyewe.

Kesho yake Nazaria alinifuata langoni, mikono ingali na povu la sabuni.

"Bi Chole, kweli alikificha?"

"Kweli."

"Aliniambia hakutaka nijue, nisije nikadaiwa tamale. Mtoto gani huyu!"

"Mwambie Mwalimu huna uwezo, mwenzangu."

"Nimwambie mbele ya watu wote? Kitoto kile ni Mungu mchanga. Nikikataa, watasema nimemfungia mlango."

Tarehe mbili Februari akamchinja bata mzinga wake jike, yule yule aliyekuwa anamtagia mayai ya kununulia madaftari. Alikuwa hana mwingine. Akaleta tamale ndani ya ndoo, zimefungwa vizuri kwenye maganda ya mahindi, mvuke unatoka. Wote walisema ni tamu. Crispín alikula yake, akauliza kama zimebaki, na kwa kweli ilikuwa imebaki moja, ya Obdulia. Hakuja siku ile. Wala wiki ile, wala hakurudi tena shuleni. Nilimkuta kwenye karo la kufulia kando ya mama yake, anasugua mashuka ya watu. Nilimsalimu, akanijibu kwa sauti iliyokwaruza, na mpaka leo haijanyooka.

Januari iliyofuata Mwalimu Eduviges alikuwa amepanda na darasa lile lile kwenda la tano. Akaagiza mkate, kitoto kimoja, akaniita nikate. Nikaenda, maana nani angenizuia?

"Vipande vingapi?" nilimwuliza.

"Ishirini na vitatu."

Akawageukia watoto, chaki mkononi. "Haya. Uwezekano wa kila mmoja mwaka huu umepanda au umeshuka?"

"Umepanda!" wakajibu wote kwa sauti moja, na hakuna aliyekosea.